Mbuzi Atachinjwa Mwisho

Mvua iliponyesha katika mji mdogo wa Salama, Kalondu alihamisha kitanda. Ilipozidi, alihamisha watoto. Chumba alichopanga kilivuja kila pembe. Alipolalamika, mwenye nyumba alicheka.

"Kama hutaki maji, hama, Mama Kiilu."

"Nitahama," Kalondu alimjibu. "Na sitahamia kwa mwingine wa kunicheka. Nitahamia kwangu."

Kalondu aliwauzia madereva wa malori chai na mandazi. Mume wake, Muli, aliziba pancha. Wote wawili waliweka akiba katika chama cha akiba na mikopo pale sokoni. Mwaka huo chama kilianza mpango mpya. Mwanachama anayenunua nyumba yake ya kwanza angekopeshwa kwa riba ndogo. Lakini kwanza ahudhurie masomo. Aliyefundisha ni Kagure, afisa wa chama.

"Masomo ya nini?" Muli aliuliza. "Nyumba ni nyumba. Ina mlango, unaingia."

"Na mwenyewe ni nani?" Kagure akamuuliza.

"Si yule aliye ndani?"

"Wewe umepanga miaka mingapi? Hicho chumba sasa ni chako?"

Watu wakacheka. Muli akakaa.

Kagure akaeleza. "Ukipenda nyumba, usitoe pesa. Enda kwanza ofisi ya ardhi. Uliza kiwanja kimeandikwa jina la nani, na kama kimewekwa rehani. Kisha mwuzaji na familia yake waje mbele ya Bodi ya Ardhi, wakubali kuuza. Bodi ikipitisha, chama kinamlipa mwuzaji, na wewe unalipa chama kila mwezi. Ukikwama, njoo useme mapema. Usijifiche."

"Na mbuzi?" mtu mmoja akauliza. "Sisi Wakamba bila mbuzi hatujauziana."

"Mbuzi sikatazi. Lakini mbuzi hajui jina la mwenye kiwanja."

Haukupita muda, Jonah, kaka mkubwa wa Muli, akawatafutia nyumba. Ilikuwa na vyumba viwili, mabati mapya na tangi la maji. Mwuzaji aliitwa Kiema. Jonah alikuwa mzee wa kanisa, na alipenda mambo yaishe haraka. Kabla ya mtu kufika ofisi yoyote, aliwaita wazee waje kula mbuzi kwenye mpaka wa kiwanja. Mbuzi akishaliwa, mauzo yamefungwa.

Kalondu alipofika, alimkuta mbuzi wake mwenyewe amefungwa mtini. Kisu kilikuwa tayari. Kiema alikuwa akingoja malipo kutoka akiba yao.

"Mzee Kiema, kule ofisini kiwanja kina jina la nani?"

"Jina la nani? Huoni nimesimama juu yake?"

"Hata mbuzi amesimama juu yake."

Wazee wawili wakaficha kicheko. Jonah hakucheka. "Mke wa ndugu yangu, nyamaza. Wanaume wanaongea."

"Shemeji, hiyo akiba imetoka kwa mandazi yangu."

Akafungua kamba, akaanza kumvuta mbuzi kuelekea nyumbani.

"Nitamuuzia mwingine!" Kiema akapiga kelele.

"Muuzie!"

Muli alimtazama kaka yake. Akamtazama mkewe. Kisha akamfuata mbuzi.

Baada ya hapo sokoni walimwita Kalondu Mama Mbuzi. Madereva waliagiza chai kwa jina hilo. Jonah aliacha kumsalimia.

Siku moja Wahome, mchuuzi wa viazi kutoka Nyeri, aliingia kibandani kwa Kalondu.

"Kiema yuko wapi? Nimemlipa nyumba yote! Nimekula mbuzi na wazee! Leo ndugu yake ametoka Mombasa na taito, hati ya kiwanja, mkononi. Anasema nyumba ni yake, nitoe godoro langu."

Kiema hakuonekana tena Salama. Kalondu hakumcheka Wahome. Alimpa chai bila malipo, akampeleka kwa Kagure.

Baadaye Kalondu na Muli walipata nyumba ya mjane mmoja, Ndululu, aliyekuwa akihamia kwa binti yake huko Mutomo. Safari hii walianzia ofisi ya ardhi Machakos. Jina lilikuwa la Ndululu, na hakukuwa na rehani. Wanawe walikuja mbele ya Bodi, wakakubali. Chama kikamlipa. Taito mpya ikaandikwa majina mawili, la Muli na la Kalondu. Chama kingeishika kama dhamana hadi mkopo uishe.

Walipohamia, mvua ya kwanza ikapiga mabati. Watoto waliendelea kucheza. Kitanda hakikuhama.

Ndipo mbuzi yuleyule akachinjwa, na wazee wakaitwa. Jonah naye alikuja. Kabla ya kula, alikohoa.

"Nyama nitakula. Lakini kwanza shemeji aombe msamaha. Aliniaibisha mbele ya wazee."

Wote wakamgeukia Kalondu. Alikata kipande kinono, akakiweka kwenye sahani ya Jonah.

"Kula, shemeji. Mlango huu uko wazi kwako siku zote. Lakini msamaha siombi. Sikuomba siku ile, na leo siombi. Na mbuzi mwingine akifungwa kabla ya ofisi ya ardhi kujibu, nitamfungua tena."