Vyura Kwenye Ndoo ya Balbina

Nyumba ya Adolf na Balbina ipo Idete, mwisho kabisa wa kijiji, pale mlima unapoanzia. Mimi ni jirani yao, kwa hiyo haya sikuhadithiwa na mtu. Asubuhi ukungu hushuka kutoka msituni, ukafunika mapaa, ukafunika hata kuku. Huoni kitu. Unasikia tu kijito, na vyura wake wadogo wakiita ti, ti, ti.

Adolf haoni, hata ukungu ukiondoka. Macho yake yalipotea miaka sita iliyopita. Basi kila asubuhi hukaa kibarazani akiwasikiliza vyura wale, na uso wake hulainika kama wa mtoto aliyeshiba.

"Hao ndio wanaoniambia kumekucha," husema.

Kiangazi kimoja sauti zilipungua, kama kawaida ya kiangazi. Adolf akauliza, "Mama Nelly, vyura wamepungua, au masikio nayo yananiaga?"

Balbina roho ilimuuma. Kesho yake alirudi kutoka kwenye majaruba ya mpunga bondeni, ndoo kichwani.

"Umebeba nini, jirani?" nikamuuliza.

"Kwaya," akacheka.

Ndani walijaa vyura wa jarubani. Akawamwaga kijitoni pamoja na maji yao ya tope. Nami nikamsifu, mjinga mimi.

Wiki chache baadaye tukaanza kuona vyura wadogo wa kijito wamekufa juu ya mawe. Miguu imenyooka, ngozi inabanduka. Kisha kimya. Adolf aliendelea kukaa kibarazani; hakuna aliyethubutu kumwambia.

"Masikio yamekwenda," alisema. Balbina hakula siku hiyo.

Ndipo akaja Eveline, binti anayechunguza vyura wa msituni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umechelewa, hapa vyura wameisha," Balbina alimwitikia.

Eveline alitafuta mpaka akampata mmoja aliye hai. Akampangusa ngozi kwa kijiti cha pamba, akakipeleka kupimwa. Aliporudi na majibu, tulikaa wote kibarazani.

"Ni kuvu," alisema. "Inaota kwenye ngozi ya chura. Chura hunywa maji kwa ngozi, na hewa huivuta kwa ngozi pia. Ngozi ikiharibika, moyo wake husimama. Watu haitudhuru."

"Imefikaje huku?" nikauliza.

"Husafiri kwenye maji na tope. Kwenye gambuti, kwenye ndoo, au kwa chura mwingine. Wapo vyura wanaoibeba na wala hawaugui."

Balbina akauliza polepole, "Hata wa jarubani?"

"Hata wao wanaweza. Kwa nini, mama?"

Akaeleza yote, mumewe akisikia. Machozi yalimtoka. "Nilitaka tu baba Nelly afurahi."

"Siwezi kuapa kwamba ni ndoo yako," Eveline alisema. "Hata gambuti zangu zingeweza kuibeba. Ndiyo maana nazisugua kila safari."

"Hakuna dawa?" Balbina akauliza.

"Ya kumwaga kijitoni, hakuna. Lakini huko mlimani, juu ya maporomoko ya maji, bado wapo wazima. Tuwalinde hao."

Adolf aligeukia upande wa Balbina. Akapapasa, akaushika mkono wa mkewe. "Kumbe sijawa kiziwi," alisema.

Tangu hapo Balbina ni mkali. Amechimbia vijiti kwenye njia ya msituni, mbali na maji. Ukitoka jarubani unakwenda kuokota kuni, kwanza unasugua tope lote kwenye gambuti kwa burashi, unazisuuza, unazigeuza juu ya vijiti mpaka jua lizikaushe kabisa. Ndoo ya jarubani haipandi mlimani. Na chura hahamishwi, hata kwa mapenzi. Mimi mwenyewe amenirudisha mara mbili.

Masika moja ikapita, kijito kimya. Masika ya pili, asubuhi moja ya ukungu mzito, tulikuwa tunakunywa chai kwao. Adolf akainua kidole.

"Mama Nelly, hebu nyamaza."

Tukanyamaza. Maji. Majani yakidondosha umande. Halafu, mbali, upande wa maporomoko: ti. Kimya kirefu. Ti, ti.

Balbina alishika kikombe kwa mikono miwili. Adolf alikuwa anatabasamu.

"Huyu hukumbeba kwa ndoo," alisema. "Huyu kaja mwenyewe."