Nakaa Hapa, Dirishani

Mkono wa dari uliteleza kwenye reli yake, ukachomoa kitabu cha umeme wa treni kutoka rafu ya juu kabisa, ukakipitisha juu ya vichwa vya watu na kukitua mbele ya Nyamizi bila kugusa hata miwani yake. Mkono ulikuwa wa Mkutubi, akili ya mashine iliyoendesha Maktaba Kuu ya Tabora. Mkutubi hakuwa na mwili. Alikuwa na mikono iliyoning'inia darini, macho kila kona, na sauti moja ya upole. Alitoa vitabu, alifundisha hesabu, alipima homa, aliwaandikia watu barua za kazi. Vyote bure, na kwa Nyamizi neno hilo lilikuwa tamu kuliko asali.

Nyamizi alikuwa na stashahada ya ufundi umeme na binti mmoja, Kalunde. Nyumba hakuwa nayo. Waliyopanga ilibomolewa kupisha treni ya sumaku, ile inayoelea juu ya reli bila kuigusa. Mwenye nyumba alilipwa fidia. Wapangaji waliambiwa pole. Tangu hapo mama na mtoto walilala ukumbi wa kungojea abiria stesheni, na kukipambazuka walikuwa mlangoni pa maktaba. Wananawa, wanachaji simu, wanasoma. Kosa moja tu Mkutubi hakulisamehe. Ukisinzia, mkono ulishuka ukakugonga begani: "Samahani ndugu, hapa tunasoma."

Jumamosi hiyo Nyamizi hakuwa na usingizi hata chembe. Treni zilezile zilizokula nyumba yake zilikuwa zinatafuta mafundi, na maombi yalifungwa saa sita mchana. Mtihani wa majaribio alikuwa ameufaulu. Ilibaki anwani. Bila anwani, Sajili, mashine ya jiji iliyopokea maombi, haikumtambua mtu. Ilishamkataa kwa kazi nyingine, na kila mara aliondoka akiuma meno.

"Vipi, Mama Kalunde!" Mkutubi alisema. "Imebaki kitu kimoja. Unakaa wapi?"

Nyamizi aliinua kichwa. Mpaka jana Mkutubi aliuliza, "Makazi yako ya kudumu ni yapi?" Watu walilalamika kwamba anaongea kama taarifa ya habari, ndipo mkuu wa maktaba, Bwana Kapufi, akaagiza afundishwe Kiswahili cha mtaani.

"Kwani huoni?" Nyamizi alijibu kwa hasira, jicho kwenye saa ya ukutani. "Nakaa hapa. Dirishani."

"Sawa. Anakaa Maktaba Kuu, dirishani. Nani jirani yako?"

Nyamizi alifungua mdomo kumsahihisha, kisha akaufunga. Kwa sheria ya jiji, mashine ya umma na jirani mmoja walitosha kuthibitisha anwani.

Mzee Kasele, kondakta wa zamani wa treni ambaye naye alilala stesheni, alishusha gazeti lake.

"Jirani ni mimi," alisema. "Namjua vizuri. Mama huyu anakoroma—"

Nyamizi alimkanyaga mguu.

"—anasoma! Anasoma sana!"

"Imethibitishwa," Mkutubi alisema. "Ombi limepokelewa."

"Mama!" Kalunde aliruka. "Wamepokea!"

"Shusha sauti," Nyamizi alisema, huku yeye mwenyewe amesimama bila kujua.

Mzee Kasele alikuwa ameshanyoosha mkono kama mtoto wa darasa la kwanza. "Mkutubi! Na mimi niulize! Niulize nakaa wapi!"

"Mimi nakaa kwenye magazeti!" mama mmoja alidakia.

"Mimi karibu na ramani!"

"Mimi na mume wangu, ngazini!"

Mikono ya darini ilikimbizana meza hadi meza. Bwana Kapufi alitoka ofisini mbio, akasimama katikati ya ukumbi. Aliwafahamu wote kwa sura. Hawa ndio wasomaji wake waaminifu, wa kwanza kuingia na wa mwisho kutoka. Alikuwa amewasifia kwa wakubwa wake jinsi wanavyopenda vitabu.

"Ninyi nyote hamna nyumba?" aliuliza. Akajikaza. "Hili ni kosa la lugha! Kukaa ni kuketi! Mkutubi, futa!"

"Sifuti makazi ya mtu kabla ya kumuuliza," Mkutubi alisema. "Mama Kalunde, nilitumia neno lenye maana mbili. Sasa nauliza kwa lenye moja. Unaishi wapi?"

Saa sita ilikuwa inakaribia. Nyamizi alihisi vidole vya Kalunde vikishika gauni lake.

"Stesheni tunalala," alisema. "Mwanangu amejifunzia kugawanya hapa. Akichemka, homa tunapimia hapa. Nikitaka kulia, nalilia chooni hapa, kuna maji. Kulala tunalala kule. Kuishi, tunaishi hapa. Andika hivyo hivyo."

Mkutubi aliyaandika maneno yake kama alivyoyasema.

"Nimeandika."

Bwana Kapufi alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Haya," alisema polepole. "Lakini msinilalie mezani."

Saa sita ilipolia, Sajili ilijibu: Nyamizi Maganga, fika karakana ya treni Jumatatu, uanze kazi ya majaribio. Mama wa magazeti alipiga vigelegele, wengine wakaitikia, na Mkutubi akaomba utulivu bila mtu wa kumsikiliza.

Jioni roboti-fagio zilitoka kufagia. Ni mashine fupi za magurudumu, na kawaida yake hupita chini ya viti bila salamu, zikigonga watu visigino. Ile ya dirishani ilifika penye kiti cha Nyamizi, ikasimama.

"Hodi."

Nyamizi aliitazama.

"Hodi hapa," ilirudia. Mashine za jiji haziingii kwenye makazi ya mtu bila kukaribishwa.

"Mama," Kalunde alinong'ona, "inatupigia hodi sisi?"

Tangu nyumba ianguke, hakuna aliyewapigia hodi. Stesheni haina mlango. Nyamizi hakulia siku ya tingatinga, na leo pia hakutaka kulia mbele ya fagio. Alinyoosha mgongo.

"Karibu," alisema. "Ila futa magurudumu kwanza. Hapa ni kwa watu."