Kabati la Olive na Mashini ya Papa Léonard

Kila asubuhi Adrien Kasereka alivuta tumbo ndani ili apite kati ya kitanda na kabati. Kabati hilo lilikuwa kubwa. Lilijaza nusu ya chumba na kuziba dirisha. Kaka yake Adrien ndiye aliyewapa siku walipofika Lubumbashi.

"Mama Benita, kifungo cha shati yangu kimeangukia huko nyuma," Adrien alisema.

"Kitafute mwenyewe," mke wake Olive akajibu. "Mimi niliingia huko juzi nikakwama."

Walicheka. Binti yao Benita, mwenye miaka sita, alijipenyeza chini ya kabati akatoka na kifungo.

Walikuwa na miezi sita katika Kamalondo, mtaa wa Lubumbashi. Kabla ya hapo waliishi Goma. Adrien aliuza maharagwe kwa jumla, na Olive alikuwa fundi wa nguo. Vita vilipoingia mjini, walikimbia na mabegi mawili tu. Mashini ya kushona ya Olive ilibaki. Benki walimoweka akiba yao ilifunga milango. Sasa Adrien alipakia magunia kwenye magari ya wengine, na Olive alishona vitambaa vya meza kwa mkono.

Siku moja Céline, mwalimu wa shule ya jirani, alimwomba Olive ashone sare za watoto ishirini.

"Masomo yanaanza baada ya wiki tano," Céline alisema. "Utaweza?"

"Nitaweza," Olive akajibu upesi. Alipokuwa njiani kurudi nyumbani ndipo alipojiuliza atashona na nini.

Kulikuwa na kikundi kwenye simu ambako watu wa Lubumbashi huuza vitu vilivyotumika. Olive aliona humo mashini nyeusi inayong'aa. Muuzaji alijiita Yannick.

"Bantu bengi banaitaka," Yannick aliandika. "Tuma avansi, nikuwekee."

Olive alituma hayo malipo ya awali. Kesho yake namba ya Yannick haikupatikana. Alipiga mpaka simu ikapata moto mkononi. Siku hiyo hakupika. Adrien hakumgombeza.

"Tumeacha vingi Goma," alisema. "Hii ni kidogo."

Lakini sauti yake haikusema kwamba ni kidogo.

Katika lupango ile ile, yaani kiwanja chao chenye nyumba kadhaa, nyumba ya pili, aliishi Mama Germaine. Kwa miaka minane alikuwa akiuza sufuria, viti na vitanda vilivyotumika kupitia simu. Alikuja kuomba chumvi, akaona macho ya Olive yamevimba, akaelezwa yote.

"Nionyeshe ile foto," alisema. Akaikuza kwa vidole viwili. "Unaona prize ya umeme kwenye ukuta, ile ya kuchomekea waya? Prize ya hivi mi sijaionaka hapa Kamalondo. Ile foto ameiokota fasi ingine, kwa muntu mwingine. Mashini hana."

Olive aliinamisha kichwa. "Niliona haya kumwuliza maswali mengi."

"Uliza tu. Muuzaji wa kweli hachoki. Mwambie akamate karatasi, aandike jina yako na tarehe ya leo, aiweke juu ya kintu, apige foto. Mwenye kintu ataweza. Mwizi atakuambia simu yake iko mbovu."

"Na avansi?"

"Avansi hapana. Unaenda muchana, pamoja na muntu mwingine. Unaona, unajaribu, kisha unalipa. Na namba yako ya siri usimupatie hata padri."

Olive alicheka kidogo, mara ya kwanza siku ile. Kisha wakaenda pamoja kutoa taarifa. Walimwandikia msimamizi wa kikundi, wakaipeleka namba ya Yannick kwenye ofisi ya simu. Pesa hazikurudi. Lakini jioni ile Yannick aliondolewa kwenye kikundi.

Ili kupata mashini ilibidi kuuza kitu. Olive na Adrien walitazama kabati.

"Kaka yangu atasema nini?" Adrien aliuliza.

Alimpigia. Kaka yake alicheka mpaka akakohoa. "Uzisheni," alisema. "Mimi niliwapa kwa sababu halikutosha kwangu."

Olive alipiga picha, Benita akiwa amesimama mbele ya kabati. Ujumbe ukaanza kuingia. Watu kumi na wawili waliuliza, "Iko bado?" Olive aliwajibu wote, wakanyamaza wote. Mmoja alitaka kubadilishana na bata watatu. Mwingine aliahidi kuja Jumamosi. Adrien alimngoja kutwa nzima, hakuja. Mwingine tena aliuliza kama mtoto wa kwenye picha anauzwa pamoja na kabati. Benita alinuna mpaka jioni.

"Andika urefu na upana," Mama Germaine alimshauri Olive. "Andika na ubaya wake. Muntu asiyetaka ule ubaya hatakusumbua tena."

Olive akaandika hivi: "Mlango mmoja unalia ukifunguliwa. Mguu mmoja ulibadilishwa." Maswali yakapungua. Wakabaki watu wachache waliotaka kabati kweli.

Siku ya tatu mtu mmoja alipiga simu. Alijiita bosi wa Kolwezi. Hakuomba bei ipunguzwe.

"Nimeisha tuma makuta," alisema. "Gari yangu iko njiani."

Ujumbe ukaingia: umepokea pesa. Saa sita gari la kukodi likafika na dereva mmoja, jina lake Osée, na wabebaji wawili. Adrien alianza kutoa nguo kabatini.

Olive alisoma ujumbe tena. Haukutoka kwa kampuni ya simu, bali kwenye namba ya kawaida, kama namba ya mtu yeyote. Akafungua hesabu yake mwenyewe kwenye simu. Salio lilikuwa lile lile la asubuhi.

"Papa Benita, rudisha nguo," alisema polepole. "Hakuna kilichoingia."

Alimpigia bosi. Yule mtu akapandisha sauti. Alisema mtandao ni mzito, wampe dereva kabati, pesa zitaingia baadaye.

"Hakuna shida," Olive akajibu. "Kabati itangoja pamoja na sisi."

Simu ikakatwa.

Osée alijikuna kichwa. "Hata mimi alisema atanilipa nikiisha fika kwake."

Wabebaji wakakaa chini. Osée alizunguka, akafungua mlango wa kabati. Ukalia. Akalipima kwa mikono yake, upande huu na upande ule.

"Bibi yangu, mama ya batoto, anatafutaka kabati tangu Pasaka," alisema. "Mama, munauzisha bei gani?"

Walipatana huku wakicheka. Osée alituma pesa kwa simu. Olive aliangalia salio kwanza, halafu akatikisa kichwa kukubali. Walihitajika watu watano kulitoa. Jua likaingia chumbani, na Benita akalala chali sakafuni mahali palipokuwa na kabati.

Wiki mbili na nusu zilikuwa zimebaki. Olive aliona mashini nyingine kwenye kikundi, ya Papa Léonard, fundi mzee ambaye macho yake yalichoka. Olive aliomba picha yenye karatasi. Ikafika mara moja, jina la Olive likiwa limeandikwa kwa herufi kubwa zinazotetemeka.

Asubuhi alikwenda na Mama Germaine. Alibeba uzi, sindano mpya ya mashini na kitambaa cha sare. Kwenye kitambaa cha tabaka moja mashini ilishona vizuri. Alipokikunja mara nne, ikaruka mishono.

"Hii mashini imelisha batoto yangu saba," Papa Léonard alisema. "Haina ubaya."

Olive alitamani kulipa tu na kuondoka, asimuudhi mzee. Lakini alikumbuka watoto ishirini.

"Naamini, papa. Tujaribu sindano ingine."

Sindano ya zamani ilikuwa imepinda kidogo, karibu isionekane. Walipoweka mpya, mishono ilinyooka kama mstari wa daftari. Papa Léonard akasogea karibu sana na kitambaa, akatabasamu.

"Kumbe ni sindano," alisema. "Mi nilizania nimezeeka."

Olive alilipa, nao wakaandika karatasi ya mauzo: majina yao wote wawili, tarehe, na namba iliyochongwa chini ya mashini. Mama Germaine alitia sahihi kama shahidi. "Kesho muntu akisema uliiba, uko na jibu," alieleza.

Olive alishona kila siku. Jumamosi kabla ya masomo kuanza, Céline alikuja kuchukua sare. Alizihesabu, akageuza pindo moja, akavuta mshono kwa nguvu. Haukuachia. Wiki iliyofuata wazazi wengine wanne walikuja kumtafuta fundi wa Goma.

Siku moja Princesse, msichana wa nyumba ya mbele aliyemwona Olive kama dada mkubwa, aliingia na simu mkononi.

"Yaya Olive, nimepata friji ya bei muzuri. Anasema nitume avansi leo."

Olive aliacha kushona. "Mwandikie hivi: Hatutumi avansi. Kesho asubuhi tunakuja wawili kuiona, na tutaiwasha."

Princesse aliandika. Wakangoja. Baada ya muda mfupi simu ikalia, Princesse akasoma kwa sauti: "Mukuye tu muione. Lakini mukuye mapema, sababu saa nne umeme unakatikaka."

Olive akacheka, akarudisha mguu kwenye mashini.

"Basi huyo," alisema, "pengine ana friji kweli."