Herufi Mbili Ubaoni

Kila asubuhi, katika shule ya udongo ya Kiruruma, wanafunzi waliimba ukurasa mzima kwa pamoja, na sauti ya Kokuhirwa ndiyo iliyopaa kuliko zote. Kitabu alikifungua, lakini macho yake yalikuwa nje, migombani. Maneno alikuwa ameyahifadhi kwa kuyasikia tu.

"Wewe unasoma kwa mdomo," alimcheka Rwegoshora, mwenzake wa benchi. "Hata wakikigeuza kitabu juu chini, utaimba vilevile!"

"Heri mimi kuliko wewe unayekwama kila neno kama mbuzi matopeni!"

Nyumbani, baba yake, mzee Kahigi, hakujua herufi hata moja. Mkewe alifariki akijifungua, akamwachia mtoto mchanga, Cassian, aliyeishi kwa maziwa ya Bihogo, ng'ombe wao wa pekee.

Kiangazi cha mwaka ule kisima kilikauka. Baba na binti wakamswaga Bihogo hadi bondeni, wakakuta birika jipya la saruji limejaa maji, na kando yake ubao uliosimikwa na mabwana mifugo wa serikali ya Mwingereza.

"Mwalimu wangu, ubao wasemaje?" aliuliza Kahigi kwa fahari.

Ulisema: MSINYWE MAJI HAYA. Kokuhirwa akautupia jicho mara moja, akaona mwanzo wa neno na mwisho wake. Kwa Kinyambo cha nyumbani, "kunyweni" ni "munywe". Ulimi ukakimbilia uliyoyazoea.

"Munywe, tata," alimjibu baba yake. "Wametuambia tunywe."

"Kumbe wametukumbuka! Ng'ombe kwanza, sisi baadaye."

Bihogo akanywa mpaka akashiba. Kahigi alikuwa ameinama kuteka maji yake, mara Rwegoshora akaja mbio kutoka mlimani.

"Shikamoo mzee! Acha! Imeandikwa msinywe! Hiyo ni dawa ya kuogeshea ng'ombe, ya kuulia kupe!"

Jua halijazama, Bihogo alikuwa amekufa.

Jirani yao, mama Dafroza, alileta maziwa kila alipoyapata, lakini ukame ulikuwa umekausha viwele vya ng'ombe wote. Kabla ya mvua ya kwanza, Cassian alirejea kwa Mola wake, akazikwa migombani. Kokuhirwa akakificha kitabu darini, asitake kukiona tena.

Siku moja Kahigi akamshika mkono, wakarudi bondeni.

"Nionyeshe mahali tulipopotea."

Kokuhirwa akaweka kidole ubaoni. "Hapa, tata. S na I. Si."

"Si," alirudia Kahigi, akizipapasa zile herufi. "Ndogo hivi?"

Kokuhirwa akaangua kilio. Baba yake akangoja kitulie.

"Mwanangu, ulisoma bila kutazama, nami nikajivuna bila kujua. Kosa ni letu sote. Kusoma ni amana. Anayewasomea wenzake amebeba roho zao. Kesho utarudi shuleni, na jioni utanifundisha. Sasa anza upya."

Akaanza, kidole chini ya kila herufi, na baba yake akifuatisha kwa sauti iliyokwaruza, mpaka neno la mwisho.