Kikombe cha Saa Tisa

— Mia moja na nne! Elarif alipaza sauti kama mnadi wa samaki. Teremka, Bweni, usije ukaniharibia mizani ya watu.

Wapagazi wakacheka. Charifa, ambaye mumewe humwita Bweni, yaani bibi, akateremka, kanga ameikaza, macho kwenye sakafu. Ilikuwa Ijumaa, watu wametoka msikitini, na kila Ijumaa kwa mwaka mzima mke huyu alipimwa hivyo hivyo, kwenye mizani ya magunia, na mumewe mwenyewe, mpima wa ghala la pilipili manga bandarini Mahajanga. Eti daktari ndiye aliyeagiza.

— Wiki iliyopita ilikuwa mia na mbili, Charifa akanong'ona.

— Na ijayo itakuwa mia na sita. Njaa yako haina dini, mke wangu. Umekatwa tumbo Ufaransa, baba yako kauza shamba la mlangilangi, na bado unakula kama unalipiza kisasi!

— Nakula mayai mawili, Elarif. Mawili na kipande cha samaki.

— Basi kuku aliyeyataga alikuwa tembo.

Wapagazi wakacheka tena. Charifa akarudi nyumbani, mtaa wa Mangarivotra, kwa miguu, akipumzika mara tatu njiani. Mwaka jana njia hiyo hakupumzika hata mara moja.

Nao uzito wake wa zamani, msomaji, si wa kuhadithiwa mtu aliyekaa kwenye kiti kibovu. Kilo mia moja na hamsini na moja. Wanasema kwenye harusi moja kule Nosy Be aliketi kwenye ncha ya benchi, shangazi watatu wa ncha ya pili wakarushwa juu, na mmoja hadi leo hajashuka. Wavuta pusipusi, vile vigari vya abiria vya kuvutwa kwa mkono, wa Mangarivotra walipomwona anatoka mlangoni, wote walikumbuka ghafla kwamba wana msiba Belobaka, nje ya mji.

Lakini moyo hauna mzaha. Ulipoanza kugugumia, baba yake akampandisha meli hadi Marseille. Daktari wa huko akaukata mfuko wa tumbo na kuushona, ukabaki kama kikombe cha kahawa. Miezi tisa baadaye Charifa alikuwa kilo themanini na tano. Akawa anatembea ufukweni peke yake, anacheka na watu, anauza vitambaa alivyotarizi mwenyewe.

Halafu njaa ikarudi. Na baada ya njaa, unene. Moyo nao ukaanza tena kugugumia kwenye ngazi.

Daktari alimpa karatasi ya maagizo kwa Kifaransa. Charifa alikuwa msomi: alihitimu Kurani mara mbili, na barua zake kwa mama yake, kwa herufi za Kiarabu, zilimshinda kadhi kwa mwandiko. Lakini herufi za Kizungu kwake zilikuwa nyayo za kuku. Elarif ndiye aliyemsomea. Kwanza alimsomea mayai na samaki; Charifa alipokwisha kukonda, akasema kuna mistari aliyoiruka.

— "Kikombe cha maziwa mazito ya mkebe," alisoma, kidole juu ya karatasi, "asubuhi, adhuhuri na saa tisa, ili kidonda cha ndani kisikauke." Na hapa chini: "Njaa ikirudi, huo ni ulafi wa mgonjwa. Akemewe."

Basi akanywa. Kila akinywa jasho lilimtoka, moyo ukapiga ngoma, akalala chali.

— Dawa inafanya kazi, Elarif alimwambia, akimpepea.

Kisha, kabla ya alasiri kuisha, njaa ilimshika kama moto wa makumbi. Mtu gani huyu, aliwaza, anayekunywa dawa na kuona njaa kuliko asiyeinywa?

Mchawi hakosi kutafutwa. Charifa akaona mchawi wake ni wifi yake, Zaïtoun, dada wa Elarif, jirani wa ukuta kwa ukuta, aliyemletea bakuli la mchuzi kila siku. Pale mtaani bakuli la jirani halirudi tupu. Hata ndimu moja hutiwa. Charifa akalirudisha tupu, tena kifudifudi.

Zaïtoun akaja mbio, bakuli mkononi.

— Wifi! Kifudifudi? Kwani nimekufa?

— Wewe ndiye unayeninenepesha! Kaka yako kaniambia unamimina mafuta kwenye mchuzi.

— Mafuta? Samaki, ndimu na maji ya mtungini! Elarif kasema hivyo?

— Kasema.

Zaïtoun akalikumbatia bakuli lake.

— Sawa. Siku ukimjua anayekunenepesha, usije kulia mlangoni kwangu.

Ikafika telegramu kutoka nyumbani kwao Charifa: HARUSI YA MDOGO WAKO JUMAPILI. NJOO. Elarif akamruhusu, akamtilia mikebe sita ya maziwa kapuni, akamsindikiza hadi kwenye meli.

— Usikiache kikombe, mke wangu. Hata siku moja.

Akambusu paji la uso. Hapo ndipo uchungu ulipo: alimbusu kwa kupenda kweli.

Hell-Ville, mji wa kwao kisiwani Nosy Be, saa tisa, Charifa anatoboa mkebe barazani kwao. Binamu yake Nadjati, mkunga wa serikali, akasimama mbele yake.

— Dada, unakunywa nini?

— Dawa.

— Dawa hii mimi nawapa vichanga wanaokataa kunenepa.

— Daktari kaiandika, Nadjati. Elarif kanisomea.

Nadjati akaingia ndani. Akatoka na bahasha.

— Hii ilifika juzi kwa anwani ya baba yako. Ina jina lako, sikuifungua. Nikusomee?

— Nisomee.

— "Bibi, nimekuandikia Mahajanga mara tatu, hujibu. Nakutumia tena nakala ya maagizo. Vinywaji vitamu ni mwiko kwako, na zaidi ya vyote maziwa ya mkebe. Hupita upesi kwenye tumbo dogo, hutoa jasho, hupiga moyo mbio, kisha huacha njaa kali. Anza kila mlo kwa yai, samaki au maharage. Maji yanywe kando. Uzito wote ukirudi, moyo wako hautauweza."

— Endelea.

— "Njaa itarudi baada ya mwaka. Hurudi kwa karibu kila mtu. Si kosa lako. Ikirudi, niandikie."

— Rudia hapo.

— "Si kosa lako."

Charifa akaweka mkebe chini, taratibu, kana kwamba ndani mna nge.

Asubuhi baada ya harusi wakaenda posta, wakapiga simu ghalani. Waya ukakoroma kama mzee.

— Elarif? Ni mimi. Nimeisahau karatasi. Nikumbushe maagizo.

— Ah, mke wangu! Nimeyahifadhi kama Yasini. Maziwa ya mkebe, mara tatu.

— Na njaa?

— Njaa ni ulafi, akemewe. Umekunywa leo?

Nadjati alikuwa ameinamisha sikio kwenye simu, nakala mkononi, machozi yanamdondoka.

— Leo nimeshiba, Charifa akasema, akakata.

Akaandikisha telegramu palepale: NAFIKA IJUMAA. ANDAA MIZANI.

Ijumaa wapagazi walikuwa wamejipanga. Charifa hakupanda.

— Leo panda wewe, Bwana Elarif.

— Mimi? Utani gani huu?

— Panda. Soma hii, kwa sauti ile ile ya mnadi.

Elarif akaitambua chapa ya hospitali, uso ukawa wa majivu. Akapanda kama mtu anayepanda kwenye kiti cha kinyozi mlevi. Akasoma. Mwiko wa maziwa, jasho, njaa, moyo. Hakuna aliyecheka. Alipofika kwenye "si kosa lako" akanong'ona.

— Rudia.

— Si... si kosa lako.

— Barua tatu, Elarif. Moyo wangu ulikuwa ndani ya barua hizo. Kwa nini?

Elarif akashuka kwenye mizani.

— Nilikuwa nakukata kucha za miguu, Charifa. Unakumbuka? Hukuzifikia. Kila Alhamisi, mguu wako mapajani mwangu, ukiniita "mkono wangu". Ulipokonda, siku moja nimerudi, umezikata mwenyewe. Ukaenda ufukweni. Nikajiona kama kikapu kilichokwisha kazi.

— Ukanipima mbele ya watu mwaka mzima ili nione haya kutoka?

Elarif akamrudishia barua.

— Ungeniambia unaogopa, ningekuletea miguu yote miwili, kucha ziwepo zisiwepo. Charifa akageuka kuondoka, akaongeza: Nyumba ya Mangarivotra ni yangu, kama ilivyo desturi yetu, nyumba ni ya mke. Uliingia na sanduku. Liko barazani kwa dada yako. Na talaka yangu uniandikie kwa herufi ninazozisoma.

Jioni Charifa akasimama mlangoni kwa Zaïtoun, akipita kando ya sanduku. Mkononi bakuli, limejaa samaki na ndimu.

— Sikuja kulia, wifi.

— Basi umekuja kufanya nini?

— Kurudisha bakuli.

Zaïtoun akaliangalia, akasogea pembeni apite. Wote wawili wakalia.

Baada ya hapo Nadjati akawa anamtumia kila wiki kipande cha alfabeti. Njaa haikuhama. Saa tisa ikigonga, mkono wa Charifa hunyooka wenyewe kuelekea pale mkebe ulipokuwa. Hula yai lake, huufunua waraka wa daktari, huweka kidole chini ya nyayo za kuku na kuzisoma moja moja. Ijumaa hujipima ghalani mwenyewe, na wapagazi huutazama ukuta. Mwezi wa kwanza mia na tatu. Wa pili mia na moja. Wa tatu mia na mbili.

Alhamisi moja aliketi kizingitini na mkasi, akainama. Kucha ya kwanza, ya pili. Pumzi ikaisha, akainuka. Elarif alikuwa amesimama njiani, kofia mkononi, amekonda kuliko Charifa alivyowahi kukonda.

— Bweni... nikusaidie hizo zilizobaki?

Ilikuwa saa tisa. Njaa ilikuwa imefika, yote, na si ya tumbo peke yake.

— Pita zako, Elarif.

Charifa akangoja hatua zake zipotee. Kisha akavuta pumzi, akainama kwenye kucha ya tatu.