Ufunguo wa Kabati la Maboksi

Asubuhi ile muuguzi alianza kukasirika kabla hata hajavaa sare.

"Wifi, leo msinitie wazimu," alisema huku akifunga kamba za viatu. "Jana nimekuta ganda la ndizi kwenye ndoo ya njano."

"Si mimi niliyekula ndizi."

"Lakini wewe ndiye mfanya usafi."

"Mimi nafagia, wifi. Silindi midomo ya watu."

Wifi yake huyo alikuwa mdogo wa mumewe. Walilala nyumba moja na kufanya kazi zahanati moja. Hawakuwa na pa kukwepana.

Pale zahanati utaratibu wa taka ulibandikwa ukutani. Karatasi na maganda, ndoo nyeusi. Pamba na bandeji zenye damu, ndoo ya njano. Sindano na nyembe zilizotumika, boksi gumu lenye mstari mwekundu usiopaswa kupitwa. Muuguzi aliubandika kwa mkono wake. Watu waliupita kama wanavyopita mbele ya kalenda ya zamani.

Tabibu ndiye aliyemchosha zaidi. Wenzake walimwita Bwana Baadaye.

"Tabibu, hii sindano kwenye trei inamsubiri nani?"

"Nitaitupa baadaye, Sista."

"Hiyo baadaye yako haina miguu? Mbona haifiki?"

"Nitupe wapi? Boksi limejaa."

"Sukuma kidogo. Mkipewa mapya mnayamaliza kama karanga."

Maboksi mapya yalikuwa kabatini, na ufunguo wa kabati ulining'inia shingoni mwa muuguzi, chini ya sare. Mwaka uliopita maboksi yaliisha kabla mengine hayajaletwa. Wakatupa sindano kwenye chupa za maji, na yeye akasemwa mbele ya watu. Tangu hapo aliyabania. Boksi likifika kwenye mstari mwekundu, alilitikisa sindano zikae vizuri, wakaendelea kujaza.

Mchana wifi alikuja kulichukua boksi alipeleke kwenye tanuri la kuchomea taka. Alilikumbatia kifuani, maana lilikuwa zito. Hakufika mlangoni.

"Wifi," aliita taratibu.

"Nini tena?"

"Imenichoma."

Alinyoosha mkono. Glavu yake nyembamba ilikuwa na tone la damu katikati ya kiganja. Kwenye mdomo wa boksi, sindano moja ilikuwa imechungulia nje.

Wifi alikuwa na mtoto wa kumlea, na ile sindano haikujulikana imetoka kwa mgonjwa gani. Muuguzi alimvua glavu, akaukamata ule mkono na kuanza kuuminya.

"Usikamue, Sista."

Aliyesema alikuwa afisa afya, aliyekuja kukagua matangi ya maji. Aliweka mkoba wake chini, akafungua bomba.

"Weka mkono hapa, dada. Maji yanayotiririka na sabuni, basi. Ukikamua unaiumiza ngozi bure. Ukipaka dawa kali, vilevile." Kisha akageuka. "Tabibu, apimwe na aanze dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI sasa hivi. Virusi haviwezi kusubiri, na sisi tusisubiri. Mwulize pia kama ana chanjo ya homa ya ini."

Kwa mara ya kwanza, tabibu hakusema baadaye. Alikwenda mbio.

Afisa afya aliliinamia boksi. "Limejazwa hivi kwa nini? Mapya hamna?"

Watu wote wakamtazama muuguzi.

"Yapo," wifi alisema, mkono ungali majini. "Yanalindwa kuliko mgonjwa."

Muuguzi aliuvuta ufunguo kutoka shingoni. "Niliogopa yataisha."

"Yakikaribia kuisha, agiza mapema," afisa afya alimwambia. "Ukiyafungia, watu hawaachi kuchoma sindano. Wanakosa tu pa kuzitupa. Boksi likifika robo tatu, kwenye mstari mwekundu, fungeni, chukueni jingine. Msisukume, msitikise. Liwe pale mnapochomea sindano, mkono ulifikie. Na dada huyu apewe glavu nene. Boksi alishike kwa mpini, asilikumbatie."

Wifi alimeza dawa mwezi mzima. Zilimchafua tumbo. Muuguzi alimpikia uji, akamfulia nguo za mtoto, akasema naye kwa sauti ya chini mpaka wifi akachoka.

"Usinitazame hivyo, wifi. Sijafa."

Ufunguo sasa ulining'inia kwenye msumari kando ya kabati. Boksi lilikaa kwenye meza ya sindano. Siku moja tabibu alilifunga lilipofika kwenye mstari, akachukua jingine bila kumwomba mtu.

Wifi alipimwa tena, na tena. Siku ya kipimo cha mwisho alimkuta muuguzi kwenye korido.

"Nina mambo mawili," alisema. "La kwanza, niko mzima. Sina kitu."

Muuguzi aliegemea ukuta. Machozi yalimtoka, akayafuta kwa mkono wa sare.

"La pili, kuna ganda la ndizi kwenye ndoo ya njano."

"Nani?" muuguzi alifoka, machozi hayajakauka.

"Ni langu, Sista," tabibu alisema kutoka chumba cha chai. "Ngoja nilitoe."

"Usiingize mkono humo! Likishachanganyika na zile pamba, limekuwa taka ya njano. Litachomwa nazo." Alivuta pumzi aendelee kumsema. Kisha akatazama huku na huku. "Ndoo nyeusi iko wapi?"

"Nje, kule getini," wifi alijibu. "Ulisema inaharibu sura ya korido."

Muuguzi akatoka mpaka getini, akaibeba ndoo nyeusi mwenyewe, akaiweka ndani ya chumba cha chai, pembeni ya kiti cha tabibu.