Isale la Mwanafunzi wa Kijapani

"Kijapani nimekimaliza! Huyo Eliona mwenyewe atanibembeleza anifundishe kilichobaki."

Hivyo ndivyo Kornel alivyotamba kilabuni Njoro, mjini Moshi, mwaka 1983, kata ya pombe ya mbege mkononi. Jumatano jioni alikuwa kibarazani kwa kina Eliona, Machame, jasho linamtoka hadi puani. Ijumaa Wajapani wa mradi wa umwagiliaji wangemhoji, wakiridhika wampeleke kwao kusomea kilimo cha mpunga. Kijapani cha salamu alikuwa nacho. Cha kueleza mtu anapaswa kufanya nini, hata chembe! Na Moshi nzima wa kumfundisha alikuwa mmoja tu: karani wao, Eliona, yule yule mchumba ambaye Kornel alimtosa.

— Soma.

— Ikana... ikanakeba...

— Ikanakereba narimasen. Lazima niende. Una ndizi mdomoni?

— Polepole basi, mpenzi.

— Mpenzi wako mtafute Njoro, hapa kuna mwalimu. Kwanza unakikanusha kitenzi: ikanai, siendi. Ile i ya mwisho itupe, bandika kereba narimasen. Ni kama kusema, nisipokwenda haitakuwa. Tunga yako.

— Hon o yomanakereba narimasen. Lazima nisome kitabu.

— Kitabu! Mimi ningekutungia ayamaranakereba narimasen. Lazima niombe radhi.

Kornel akakohoa. Eliona akachomoa karatasi kwenye daftari, akaisoma kwa sauti:

"Eliona, waambie wazee wasihangaike kupika Jumamosi. Mtu wa kwenda Japani haoi binti anayenuka zizi."

— Mwandiko wa nani huu?

— Ule ulikuwa utoto, Eliona.

— Utoto wenye ndevu? Barua ilifika Jumapili, baba alishaalika ukoo mzima! Mbege ya posa ya wajomba zako tuliingoja mpaka kuku wakaingia kulala. Leo sinuki tena, kwa sababu kuna Ijumaa?

Kornel akapiga magoti. Akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa jani refu la kijani. Isale! Kwa Wachaga, ukiletewa jani hilo huna pa kukimbilia. Hata aliyekuchomea nyumba unamsamehe.

— Nimelitoa Sanya Juu, kwa bibi yangu. Nimetembea tangu alfajiri.

Ndiyo, msomaji, Sanya Juu. Msimulizi wako anaapa.

Eliona alilitazama lile jani muda mrefu. Kumbe moyo ulikuwa haujamtoka kwa huyu mjinga.

— Umetembea kweli, Kornel? Kwa ajili yangu, au ya Wajapani?

— Yako. Wanichague, wasinichague, nakutaka wewe.

Akanyoosha mkono, akalipokea. Machozi yakamshuka.

Hapo ndipo baba yake, Mzee Ebenezeri, alipotokea uani na mzigo wa majani ya ng'ombe, mundu mkononi.

— Shikamoo, mzee.

— Shikamoo yako iweke mfukoni! Hilo isale umelikata mpakani kwangu, nyuma ya zizi, jioni hii hii. Mpaka alioupanda marehemu baba yangu!

Kornel akatupia jicho migombani.

— Unaniomba radhi kwa jani letu wenyewe? — Eliona akauliza, taratibu kabisa.

— Eliona, nilitaka tu...

— Nyamaza. Nimeshalipokea, na mila ni mila. Nimekusamehe, na barua yako sitaitaja tena. Lakini mila hainilazimishi nikufundishe, wala niolewe nawe. Chukua daftari lako. Ijumaa kawadanganye Wajapani, kazi hiyo haihitaji mwalimu.

Akaingia ndani, akatia komeo.

Kornel alikuwa bado magotini. Mzee hakuwa amemaliza. Akaelekeza mundu kwenye migomba.

— Na yule aliyekuwa akikuinamishia shina la isale, huku anacheka mpaka magego yanaonekana, mwambie atoke. Nimeona miguu yake.

Nikatoka.

— Shikamoo, mzee.